Hewa katika Njia ya Dizeli

Gari kuukuu la dizeli likilala usiku kucha, kisha asubuhi likawa zito kuwaka, au likawaka na kuzimika papo hapo, wengi huihukumu pampu ya dizeli. Huenda pampu haina hatia. Kosa ni la hewa.

Fahamu, ndugu msomaji, kwamba katika magari mengi ya zamani dizeli haisukumwi kutoka tangini, bali hufyonzwa na pampu iliyopo kwenye injini. Basi mpira ukipasuka kidogo, injini ikiwa yanguruma, hautoi mafuta nje. Huvuta hewa ndani. Ndiyo maana chini huoni hata tone.

Fundi na atie kipande cha mpira mwangavu, usiodhuriwa na dizeli, baina ya chujio na pampu, mbali na mikanda na ekzosi. Viputo vichache baada ya kubadilisha chujio hukoma vyenyewe. Visivyokoma ni ushahidi wa tundu. Kisha chujio linyweshwe dizeli safi kutoka dumu dogo, badala ya tangi. Viputo vikikoma, kasoro iko baina ya tangi na chujio. Vikiendelea, na akague chujio lenyewe, raba zake, pampu ya mkono ya kutolea hewa, na viungo vinavyofuata.

Mpira na klipu ni gharama ndogo. Pampu yaweza kumeza karo ya watoto. Usikubali kununua pampu kabla ya kuonyeshwa mpira huo mwangavu ukiwa hauna kiputo.