Gobore la babu na kitako kipya

Nimerudi chuo juzi, vumbi la Tunduma bado liko kwenye begi. Likizo hii nilipita kijijini kwetu Momba kumsalimia babu, na nimerudi na jambo linanisumbua.

Babu ana gobore. Mtutu wake ni bomba tu la chuma, na mhunzi aliyelitengeneza alishafariki zamani. Kitako cha mbao kilipasuka, kikafungwa mpira wa baiskeli. Nilimkuta uani na pande la mninga na tupa, anachonga kitako kipya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Njoo unishikie hapa, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Nikashika. Nakiri, ile kazi inapendeza kutazama. Mninga haupindi ovyo masika yakija, ndio maana maseremala wanaupenda. Babu anaupima mtutu kwenye mbao, anautoa, anakwangua kidogo, anaurudisha. Taratibu, kama mtu ana siku elfu.

Lakini jamani, nilipoliangalia lile bomba vizuri nikaogopa. Limeliwa na kutu, tena halikutengenezwa kwa kazi ya baruti. Siku likipasuka, litapasuka karibu kabisa na uso wa babu. Kile kitako kibovu angalau kilikuwa kinamwambia "nimechoka, niache". Hiki kipya kitamwambia "niko sawa", na kitakuwa kinamdanganya. Mbao nzuri haiponyi chuma kibovu.

Na sheria je? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea silaha nyumbani. Mwaka 2023, mwezi wa 9 na wa 10, serikali ilitoa msamaha: salimisha silaha kwa hiari, hushtakiwi. Nikamuuliza babu kwa nini hakupeleka. Akacheka.

"Nguruwe wakija usiku kwenye mahindi, hiyo sheria yako ndiyo itawafukuza?"

Nikakosa jibu. Yaani mimi mwalimu mtarajiwa, nimefundishwa kujibu maswali, nimekaa kimya mbele ya mzee ambaye hakufika darasa la nne!

Msimamo wangu ndio huu. Gobore lisifufuliwe, lisalimishwe, tena kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji ili mzee asiende polisi peke yake akitetemeka. Lakini anayekuja kuchukua gobore aje pia na jibu la nguruwe: askari wa wanyamapori wafike kabla mahindi hayajakomaa, na vijana tulinde mashamba kwa zamu. Ukimnyang'anya mzee gobore ukamwachia nguruwe, kesho atachonga jingine. Mninga upo, bomba lipo.

Nilimwambia, "Babu, kwenye hili sitakushikia tena." Hakunijibu. Aliendelea kukwangua, polepole zaidi, maana sasa anapapasa kwa vidole. Hiyo ndiyo picha niliyoondoka nayo.

Likizo ijayo nikikuta lile pande la mninga limekuwa mpini wa jembe, jogoo nanunua mimi.

Wadau wa Mbozi, Ileje na kwingineko, kwenu wazee mnawaambiaje? Nawasilisha.