Ngoma Isiachwe Nje ya Darasa

Katika kijiji cha Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, mtoto aweza kuyajua mapigo ya ngoma kabla hajazijua herufi. Lakini katika shule zetu nyingi za msingi ngoma hukumbukwa wageni wanapokuja. Kwaya hukusanywa haraka, nyimbo za makaribisho huimbwa, na wageni wakisha kuondoka ngoma hurudishwa ghalani. Huko si kufundisha muziki, ni mapokezi.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 twasema kuwa shule isimtenge mtoto na maisha ya kwao. Kwa jembe tumejaribu. Kwa muziki, bado sana.

Husemwa kuwa vyombo hakuna. Je, ngozi ya mbuzi haipatikani Ilagala? Ngozi iliyowambwa hufyonza unyevu wakati wa mvua, ikalegea, na sauti ikashuka. Mpigaji huisogeza ngoma karibu na moto: maji hutoka, ngozi hukaza, mitetemo huongezeka katika kila sekunde, na sauti hupanda. Jambo hilo watoto wameliona mara nyingi, ila hakuna aliyewauliza sababu yake.

Mshipi wa kuvulia samaki nao wafaa. Ufungwe ubaoni, mwisho wake ukining'inizwa jiwe la kilo 1, na mtoto aupige. Kisha litundikwe jiwe la kilo 4. Wengi watatazamia mitetemo iwe mara nne. Kumbe huwa takriban mara mbili tu, na sauti hupanda oktavu moja, kama baba na mwanawe waimbapo wimbo mmoja pamoja. Marin Mersenne wa Ufaransa aliichapisha kanuni hii mwaka 1636. Mtoto mwenye sikio lililofunzwa aweza kuigundua mwenyewe, bila mashine yoyote.

Sisi walimu wa sekondari hulalamika kuwa wanafunzi hukariri kanuni za mawimbi wasizozielewa. Wangezielewaje, iwapo kwa miaka yote ya shule ya msingi waliambiwa waimbe tu, wala hawakuambiwa wasikilize?

Kwa maoni yangu, kitengwe kipindi kimoja kila juma, na fundi wa ngoma wa kijijini aalikwe kufundisha pamoja na mwalimu. Naye alipwe ujira, kama alipwavyo fundi wa madawati.