Mtoto Afundishwe Kushusha Pumzi

Wazazi wenzangu wa Mbagala, Tandika, Manzese na Tandale, tuanze na jambo tunalolijua sote. Mtoto kachapwa. Kwa kuchapwa, analia. Kwa kulia, anaongezewa. "Nyamaza! Sitaki kusikia sauti!" Naye maskini kifua kinapanda na kushuka, kwikwi zimembana, anahangaika kutii amri ambayo mwili wake hauiwezi. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kilio kinashushwaje. Tunamdai utulivu ambao hatukumfundisha.

Nasema hivi: kutuliza hasira na hofu ni kazi ya kujifunza, kama vile kufunga vifungo vya shati, na pa kuanzia ni pumzi. Moyo hauamrishwi. Ukienda mbio huwezi kuuambia upunguze. Lakini pumzi, ingawa hujiendesha yenyewe hata usingizini, hukubali amri ya mwenyewe. Na moyo huifuata: tunapovuta pumzi mapigo huongezeka kidogo, tunapoitoa hupungua. Kwa hiyo anayeitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, anaupunguzia moyo mbio zake. Hapo hapana uganga wala miujiza.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto 342 wa umri wa miaka kama 7. Waliwaonyesha video fupi ya kuwaongoza kuvuta pumzi ndefu mara chache, tena nje kabisa ya maabara, kwenye viwanja vya michezo na kambi za watoto. Mapigo ya moyo yalishuka. Wazungu hupenda kumwambia mtoto anuse ua kisha azime mshumaa. Sisi tumwambie anuse ubwabwa wa nazi unaoiva kwa jirani, kisha apulize kikombe cha uji wa moto, taratibu, uji usije ukamwagika. Mara nne au tano zinatosha. Akiona kizunguzungu anakwenda kasi mno, apumzike. Na mwenye pumu aliyebanwa apewe dawa yake, si zoezi.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya kigeni. Wapite jioni kwenye chuo chochote cha Kurani pale Tandika, wamsikilize mtoto wa miaka minane akisoma kwa tajwidi. Anajua avute pumzi wapi, aende nayo hadi wapi, asimame wapi bila kuiharibu aya. Mwenzake wa kwaya ya Jumapili anajua vilevile. Na Waislamu tumeusiwa kwamba aliyekasirika akiwa amesimama, aketi. Pumzi watoto wetu wanayo tayari. Hatujawaambia tu kwamba ile ya kisomo na ya wimbo yafaa pia pale mwenzao anapowanyang'anya daftari.

Wengine watanitolea methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nami naikubali. Methali hiyo inamkanya mzazi anayeogopa kumkatalia mtoto. Basi mkatalie! Mnyime simu, mnyime biskuti, alie. Kisha mwonyeshe namna ya kutoka kwenye kilio hicho. Sehemu hiyo ya pili ndiyo tunayoiruka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, ambao ripoti yake ilitoka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana wa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inafundisha utulivu, tungekuwa taifa tulivu kuliko yote duniani, na ugomvi wa kugombea siti kwenye daladala za Rangi Tatu usingekuwepo.

Tena Dar es Salaam hatuwezi kusema hofu ya watoto ni habari ya mbali. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala. Zaidi ya watu 20 walikufa, familia zikakimbia kila upande, watoto wakapotezana na wazazi wao. Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto, na waliokimbia wakakusanywa Uwanja wa Uhuru. Nyumba zilizobomoka zilifanyiwa tathmini, na ilipasa iwe hivyo. Lakini mtoto anayeruka kila mlango ukibamizwa, fomu yake ya tathmini iko wapi?

Kule Moshi, na Bungoma nchini Kenya, kulifanyika jaribio kubwa la kuwatuliza watoto wenye hofu na majonzi, lililochapishwa mwaka 2020. Watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walihusishwa, pamoja na walezi wao. Baadhi yao walikutana katika vikundi kwa majuma 12 chini ya washauri ambao hawakuwa wataalamu wa saikolojia, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Na kujituliza mwili kulikuwa sehemu ya mafunzo hayo. Kenya, nafuu ya waliofundishwa ilikuwa bado kubwa kuliko ya wenzao wasiofundishwa hata baada ya mwaka. Moshi, baada ya mwaka, waliofundishwa na wasiofundishwa walikuwa sawa. Nalitaja hili makusudi, maana sitaki mtu aiuze pumzi kama dawa ya kila ugonjwa. Mtoto anayelala na njaa anahitaji chakula, na anayepigwa kila siku anahitaji mkono unaompiga uzuiwe.

Ndiyo maana somo lianze kwa mtu mzima. Mwanafunzi wa Chamazi anaamka gizani, anasukumwa na konda mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo, anafika amechelewa, na getini anapokewa na fimbo, ingawa kanuni zinasema kiboko ni cha mwalimu mkuu au aliyemkaimisha kwa maandishi, na visizidi vinne. Mwalimu naye tumwonee huruma: tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 darasa limefurika, na huwezi kumgawia mtoto utulivu usiokuwa nao. Avute pumzi yeye kwanza, ndipo ainue mkono, kama bado atautaka.

Na somo hili la pumzi lifundishwe wakati wa raha, baada ya rede au kombolela, mtoto akiwa anacheka. Anayefundishwa katikati ya hasira hashiki kitu.

Januari shule zikifunguliwa kutakuwa na vikao vya wazazi, na ajenda zitakuwa zilezile: michango ya chakula, mlinzi, mitihani ya majaribio. Mzazi mmoja asimame kwenye mengineyo, aombe kwamba asubuhi mstarini, baada ya Wimbo wa Taifa na kabla ya matangazo, watoto na walimu wavute pumzi tano pamoja. Mweka hazina hana cha kukusanya hapo.