Ramani ya treni za London imepigwa filta, na wageni ndo wanaolipia

Kuna picha moja ambayo karibu kila anayetua London anaihifadhi kwenye simu kabla hata hajapata laini ya kule. Siyo picha ya Big Ben wala ya daraja. Ni ile ramani ya treni za chini ya ardhi, ile yenye mistari ya rangi rangi iliyonyooka kama imepigwa pasi. Watu wanaivaa kwenye fulana, wanainywea chai kwenye vikombe, wengine wameifanya pazia la bafuni. Inapendeza, hilo halina ubishi. Ila tuseme ukweli wadau, ile picha ina filta nzito kuliko mtu wa Insta siku ya birthday yake.

Chukua mfano huu ambao wenyeji wa London wanachekea kila siku. Mgeni yuko stesheni ya Leicester Square, anataka kwenda Covent Garden kupiga picha na kula ice cream. Anafungua ramani, anaona laini ya bluu, Piccadilly, kituo kimoja tu mbele. Safi. Anashuka ngazi za umeme, anasubiri treni, anabanwa mlangoni, anafika. Akifika anakuta foleni ya lifti. Akikataa foleni, kuna ngazi za kuzunguka, 193 kwa idadi, na tangazo pale chini linalomwonya kwamba ni kama kupanda ghorofa 15. Anatoka nje anahema, kadi imeshakatwa zaidi ya pauni 2. Umbali wenyewe? Mita 260 hivi. Angetembea tu juu asingemaliza hata wimbo mmoja kwenye earphone.

Sasa nenda upande wa pili wa ramani, kule juu kushoto, kwenye laini ya Metropolitan. Kuna Chalfont & Latimer, halafu Chesham. Nazo ni stesheni mbili zinazofuatana, na kati yao kuna kilomita 6 na ushee. Ni zaidi ya mara 20 ya ile safari ya Covent Garden, lakini ukitazama ramani hutaona tofauti hiyo hata ukodoe macho vipi. Kote ni kijipande cha mstari, basi.

Haya yote yalianza na jamaa mmoja aliyekuwa hana kazi. Harry Beck alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi kwenye ofisi ya mawasiliano na ishara za treni hizo, na mwaka 1931, wakati kibarua kimeota nyasi, akakaa nyumbani na kuchora ramani kwa muda wake mwenyewe. Wazo lake lilikuwa rahisi hadi linakera: mtu akiwa chini ya ardhi haoni barabara, kwa hiyo zinamhusu nini? Anachotaka kujua ni apande wapi, abadilishe wapi, ashuke wapi. Akanyoosha kila kitu: mistari ya wima, ya ulalo, na ya mshazari wa nyuzi 45. Katikati ya mji akapatanua, pembezoni akapabana. Wakubwa walipoiona wakaikataa, wakaona imezidi. Baadaye wakalegeza, na Januari 1933 zikachapwa nakala 750,000 za mfukoni, tena kwenye jalada abiria wakaombwa watoe maoni yao. Maoni yalikuwa kwamba zimeisha, chapeni nyingine.

Sehemu inayouma ni iliyofuata. Mwaka 1960 ikatoka ramani mpya yenye jina la mtu mwingine, na Beck hakuwemo. Alipigana kwa miaka akitaka kazi yake irudi mkononi mwake, hakufanikiwa, akafariki 1974. Leo kuna mstari mdogo kwenye ramani unaosema wazo lilianza kwake mwaka 1931. Kila mtu anayewahi kuchora logo ya biashara ya mtu, halafu akaikuta kwenye bango barabarani bila hata asante, anajua hiyo hadithi inavyoishia.

Lakini kumsifia Beck kusitufumbe macho. Filta yake ilikuwa na kazi. Alidanganya kuhusu umbali ili aseme ukweli kuhusu njia, na abiria akapata kitu badala yake. Swali la leo ni kama uongo unaoongezwa kila mwaka nao unampa abiria kitu, au unampa mtu mwingine kabisa.

Na siyo suala dogo. Mwaka 2011 mtafiti wa Chuo Kikuu cha New York aliangalia namna abiria wa London wanavyochagua njia, akakuta ramani ina nguvu karibu mara mbili kuliko muda halisi wa safari. Yaani mtu amepita njia hiyo, anajua kabisa ilimchelewesha, bado anaamini mchoro. Ukiweka stesheni mbili karibu kwenye karatasi, unahamisha maelfu ya miguu. Hiyo ni power ambayo hata wanasiasa hawana.

Wanaochora wanajua hilo vizuri. Mwaka 2009 waliamua kusafisha ramani, wakafuta kanda za nauli na, bila aibu, wakafuta Mto Thames. Mto! London bila Thames ni kama Dar bila bahari, mtu atajuaje yuko upande gani? Meya wa wakati ule alikuwa safarini Marekani, akaona kelele mtandaoni, akaandika Twitter kwamba mto utarudi. Desemba mwaka huohuo ukarudi, na kanda za nauli nazo. Watu wanacheka kwamba ni mstari wa bluu tu usiopandwa na treni, lakini bila ule mstari mgeni hana kusini wala kaskazini.

Kwa hiyo inapotokea mabadiliko, abiria ana haki ya kuuliza ni kwa faida ya nani. Tuanze na yaliyostahili.

Kwa miaka mingi, reli za juu zinazoitwa Overground zilichorwa zote kwa rangi moja ya chungwa. Zilipoanza zilikuwa chache, ikaleta maana. Zikakua, zikazunguka mji mzima, ramani ikawa kama sahani ya tambi iliyomwagiwa Fanta. Ikiharibika treni kona moja, tangazo linasema Overground ina matatizo, na mtu wa kona nyingine kabisa anaanza kupiga simu kazini kuomba udhuru. Februari 2024 yakatangazwa majina sita mapya, kila laini na rangi yake, na kufikia mwisho wa mwaka huo yakawa yameshaingia kwenye ramani. Gharama ikasemwa ni pauni milioni 6.3, na hapo ndo vita ikaanza. Eti hela za kubadilisha majina zingenunua treni.

Kiukweli hiyo hoja inasikika vizuri kwenye redio, lakini haina miguu. Laini isiyo na jina ni laini isiyoweza kuelekezwa kwa mtu. Na majina yenyewe yana watu ndani. Lioness inapita Wembley, pale wanawake wa England walipobeba Euro mwaka 2022. Windrush inakumbuka meli iliyofika mwaka 1948 na Wakaribi waliokwenda kuijenga upya nchi iliyochoshwa na vita. Suffragette ni wanawake waliodai kura. Weaver ni wafumaji wa nguo, wengi wao wahamiaji. Liberty ni uhuru tu, hiyo kidogo imekosa chumvi. Na Mildmay ni hospitali ndogo ya mashariki ya London iliyowapokea wagonjwa wa UKIMWI miaka ya 1980, wakati ambapo wengine walikuwa wanaogopa hata kuwashika mkono. Jina hilo Waganda wanalijua, maana Mildmay iko Uganda tangu miaka ya 1990 kwa kazi hiyohiyo. Mtu kutoka Kampala anaweza kusimama kwenye stesheni ya ugenini, akasoma jina la laini, akakumbuka kliniki ya njia ya Entebbe. Pauni milioni 6.3 zimewahi kwenda kwenye mambo ya hovyo zaidi.

Lawama wanayostahili ni ya rangi. Kuna kijani cha District, halafu kijani cha Suffragette. Kuna nyekundu ya Central, halafu nyekundu ya Windrush. Wametofautisha kwa kuchora laini mpya kama mistari miwili sambamba, sawa, lakini kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, saa mbili asubuhi, hiyo tofauti haionekani.

Sasa yale mengine. Mwaka 2012 ikaingia kwenye ramani njia ya magari ya kuning'inia juu ya Mto Thames, ikiwa na jina la kampuni ya ndege iliyoidhamini. Mdhamini wa kwanza akaondoka, akaja mwingine, jina likabadilika, ramani nayo ikabadilishwa. Ni kivutio kizuri, picha zake kali, lakini wengi wanaopanda ni watu wa matembezi. Bado imepewa nafasi yake na maandishi yake kwenye karatasi ambayo kila siku wanasema imejaa.

Septemba 2023, wiki ya mitindo ya London, stesheni ya Bond Street ikavishwa mabango ya Burberry Street kwa siku kadhaa. Mashabiki wa fashion wakafurahi, picha zikapigwa, kila mtu akapost. Ila fikiria mama aliyeshuka kutoka Heathrow na mabegi mawili, mkononi ana ramani inayosema Bond Street, na ukutani anasoma jina ambalo halipo popote kwenye ramani. Treni inafunga milango kwa sekunde chache tu. Abiria walilalamika, na walikuwa na haki kabisa. Jina la stesheni siyo mkoba wa msimu.

Lakini mtu anayelipia filta hii kuliko wote ni anayetumia kiti cha magurudumu. Ramani ina alama mbili kwa ajili yake. Moja ni ya bluu na mchoro mweupe: hapo anatoka barabarani hadi ndani ya treni bila ngazi wala pengo. Nyingine ni nyeupe na mchoro wa bluu: hapo anafika jukwaani bila ngazi, halafu kuingia kwenye treni ni kazi nyingine. Ni michoro ileile, imegeuzwa rangi tu! Mtu akichanganya, anajikuta amekaa jukwaani anaangalia treni zikipita. Na kati ya stesheni 272 za chini ya ardhi, zenye njia bila ngazi ni kama theluthi moja. Kwa hiyo ile ramani ya rangi rangi anayoiona mwenzake mwenye miguu mizima siyo ramani yake. Yake ina mashimo mji mzima, na hayo mashimo hayachorwi, anayajua kwa kuyaangukia.

Kuna watakaosema ramani ikibebeshwa kila kitu itakufa. Ni kweli kiasi. New York walijaribu njia ya Beck mwaka 1972, mchoro mkali kweli, lakini Central Park ikageuka mraba wa kijivu na maji yakawa rangi ya mchanga. Wenye mji wakachachamaa, na 1979 ikaletwa ramani yenye mitaa na mbuga. Halafu Aprili 2025 wakarudi kwenye mistari iliyonyooka. Kwa hiyo hakuna anayetaka picha ya setilaiti. Hata Nairobi, mwaka 2014, watu wa vyuo vikuu waliporekodi njia za matatu kwa simu na kuzichora, waliiga haohao wa treni: rangi, mistari, vituo. Kabla ya hapo ramani ilikuwa kichwani mwa makanga. Mchoro rahisi unafanya kazi, hata kwa gari linaloweza kubadili njia likiona foleni.

Linalodaiwa London ni dogo zaidi ya hapo. Mwaka 2015 wenye treni walitoa ramani ya umbali halisi, na siyo kwa hiari, ni baada ya mtu kuiomba kwa sheria ya haki ya kupata taarifa. Mwaka huohuo wakatoa nyingine inayoonyesha dakika za kutembea kutoka stesheni hadi stesheni. Zote zipo mtandaoni, kwa anayejua kwamba zipo. Mgeni hajui. Yeye anasimama mbele ya ile kubwa ya ukutani, na ile haimwambii kwamba Covent Garden ni kutoka nje na kukata kulia.

Namba nne tano za dakika katikati ya mji, kwenye vile vituo vinavyobanana, zingeingia vizuri tu. Nafasi ipo. Mdhamini wa magari ya kuning'inia aliipata.