«Uko na nani mule?»

Kila kijana wa Salamabila mwenye amekwisha kubeba dosie yake mpaka ku mulango wa sosiete ao wa ONG anajua swali hili. Hawakuulize kwanza umesoma nini. Hawakuulize umetumika wapi. Mulinzi, ao mwenzako mwenye umemukuta pale inje, anakutazama tu na kusema: «Uko na nani mule?» Kama hauna jina la kutaja, unarudi nyumbani na bahasha yako, na franga za fotokopi zimeenda bure.

Swali hilo ni baya, na tutaendelea kusema ni baya. Linafanya kazi ikuwe mali ya ndugu wachache. Linafanya kijana mwenye akili atafute mutu wa kumubeba kuliko kutafuta ujuzi. Lakini tusijidanganye, bandugu. Hata Kinshasa, hata Nairobi, hata Ulaya, kazi mingi inapita kwa watu mbele ipite kwa karatasi. Shida yetu si kujuana. Shida ni kwamba kujuana kwetu kumefungwa mu familia, mu kabila, mu kanisa ao musikiti, basi. Mwenye hakuzaliwa karibu na mulango anabaki inje maisha yake yote. Leo tunataka kuongea juu ya simu yenye iko mu mufuko yako: yenye inaweza kufanya juu ya ule mulango, na yenye haiwezi.

Mwaka 1973, mwalimu mumoja wa sosioloji wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika jambo lenye lilishangaza watu. Alikuwa ameuliza wanaume karibu na Boston namna gani walipata kazi. Wengi wa wale wenye walipitia kwa mutu walisema mutu huyo hakuwa rafiki wa karibu. Alikuwa mutu wenye wanaonana mara moja moja: mwenzao wa zamani wa kazi, mutu wa masomo, mutu wa salamu tu. Mwaka 2022, watafiti wengine walitoa mu gazeti *Science* majibu ya jaribio lenye lilifanywa ndani ya LinkedIn, na watu zaidi ya milioni 20. Walikuta jambo lile lile: mwenye kukufikisha ku kazi mupya mara nyingi si ndugu wa damu, na si mugeni kabisa, ni ule wa katikati, mwenye munajuana kidogo.

Sababu si ya muujiza. Rafiki yako wa karibu anajua yale yenye wewe unajua. Munakula pamoja, munasikia habari moja, siku moja. Fungua grupu zako za WhatsApp ujihesabie. Ziko kumi, lakini watu ni wale wale. Tangazo moja la kazi linazunguka mu zote kumi, kila mutu anaweka mikono ya kuomba, kisha mutu mumoja anasoma mpaka chini na kukuta dosie zilipaswa kuingia wiki mbili zilizopita. Njo maisha yetu ya intaneti hapa. Tuko na kamba nyingi, zote zimefungwa ku muti mumoja.

Na Salamabila iko mbali na kila fasi. Namoya iko karibu kilometa 225 kusini-magharibi ya Bukavu ukipima kwa ndege, na wenye wamepita njia kwa miguu, kwa moto ao juu ya gari la mizigo wanajua kilometa za ndege hazisemi kitu. Biro zenye kuamua juu yetu ziko Kindu, Bukavu, Kinshasa. Mutu wa pale hawezi kukukuta kwa bahati mu njia. Kama jina lako halimufikie kwa simu, halimufikie.

Sasa tuangalie kile chenye tuko nacho, juu watu wanapenda kusema kijana wa Salamabila hajui kitu. Mwaka 2016 mine ya Namoya iliingia mu uzalishaji wa kibiashara chini ya Banro, sosiete ya Canada. Mwaka 2019, kisha watu kutekwa na usalama kuharibika, kazi ikasimama, na baadaye mine ikaingia mu mikono mingine. Mu ile miaka, watu wa hapa walishika masini. Walisudere, walitengeneza groupe, waliendesha magari makubwa, walipika chakula cha mamia ya watu, walilinda usalama wa kazi, walibeba sampuli za udongo. Kazi iliposimama, ule ujuzi haukukufa. Lakini ukimuuliza mwenyewe leo, anakujibu: «Nilikuwaka natumika ku Namoya.» Basi. Mwaka gani? Masini gani? Nani alikuwa shefu wako? Kimya.

LinkedIn, yenye ilianza 2003 na leo inasema iko na watu zaidi ya bilioni 1, ni fasi ya kujibu maswali hayo mbele hata mutu ayaulize. Si Facebook ya watu wenye kuvaa koti. Ni sawa daftari yenye sosiete zinafungua na kutafuta kwa neno. Njo maana neno ni jambo la kwanza. Mwenye kutafuta fundi ataandika «soudeur», ataandika «conducteur d'engins», ataandika «infirmier». Hataandika «débrouillard». Hataandika «jeune dynamique et motivé», maneno yenye tumeyakopi mpaka yamechoka. Andika kazi yako kwa jina lenye mwenye kuajiri analitumia, kwa Kifaransa, na kama unaweza kwa Kiingereza pia, juu mine za Geita ku Tanzania zinatafuta kwa Kiingereza. Tia mwaka wa kuingia na mwaka wa kutoka. Tia aina ya masini. Tia foto ya kitu chenye ulisudere, si foto yako unaegemea gari ya mutu.

Kiisha, tafuta wale wenye ulitumika nao. Hapa njo kuko mali, na watu wengi wanapita juu yake. Wenzetu wa Namoya walitawanyika. Inchi hii iko na mine zingine kubwa, Kibali kule Haut-Uele, Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, na mwenye ulibeba naye vyuma Namoya anaweza kuwa mu moja ya hizo ao mu biro ya sosiete ndogo yenye kuzihudumia. Hamujaongea tangu miaka tano. Ni yeye ule mutu wa katikati wa Granovetter. Na walimu wa stage, mukubwa mwenye alikufundisha ku Kasongo ao ku Kindu, daktari mwenye ulimusaidia wakati wa chanjo, wote hao ni jina moja moja la kutafuta, jioni moja moja.

Namna ya kumuandikia, tuseme ukweli, inatuangusha. Tunaandika: «Bonjour grand, nisaidie kazi, niko nateseka.» Mukubwa anapokea hizo makumi kwa siku. Hawezi kujibu hata kama ana roho nzuri. Muandikie hivi: «Bonjour mukubwa. Tulitumika pamoja Namoya, mimi ni ule wa atelier mwenye alikuwa anashika zamu ya usiku. Nimeona sasa uko Kolwezi. Kwa kazi ya kusudere kule, wanaomba karatasi gani yenye mimi sina?» Hapo haujamuomba kazi, umemuomba dakika mbili na jibu moja lenye analo. Atajibu. Na siku nafasi itafunguka, jina lako liko tayari mu kichwa yake. Asipojibu, ungoje wiki mbili, umukumbushe mara moja, kisha umuache. Kusumbua mutu kila asubuhi na «bonjour» na picha ya maua si uhusiano.

Tunasikia wazee watasema: munafundisha vijana kuhama. Wazee wetu, walikwisha kuhama. Walihama kuingia mu mashimo, walihama kwenda Bukavu kuuza inite, wengine walihamia mu pori na silaha. Afadhali ahame akijua anaenda kwa nani.

Kuko pia wenye hawataki kuhama, na juu yao kuko jambo moja lenye halisemwe ya kutosha. Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance inasema zile kazi ndogo ndogo zenye sosiete kubwa zinagawa inje, kama chakula, usafiri, nguo za kazi, usafi, ni za sosiete zenye mutaji wa Wakongomani. Lakini mwenye kununua hakujui. Vijana watano wenye wako na karatasi zao sawa na ukurasa mumoja safi wenye kuonyesha kazi walifanya, wanaanza kuonekana. Bila hiyo, ile kazi ya kupika inachukuliwa na mutu wa Kinshasa mwenye hajawahi kuona Salamabila hata mu ramani.

Sasa tuongee juu ya hatari, na hapa hatutaenda mbio.

Ya kwanza ni franga. Kazi ya kweli haikuombi utume dola kumi ku simu ya mutu «juu ya dosie». Haikuombi malipo ya «formation» mbele ya kuanza. Na usitume foto ya karte yako ya uchaguzi kwa mutu mwenye haumujui. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilipaswa kusaidia raia wake warudi nyumbani kutoka Myanmar. Walikuwa vijana wenye masomo. Waliona tangazo la kazi kwa intaneti, waliahidiwa mushahara mzuri Thailand, wakavushwa mupaka, wakafungiwa mu majumba na kulazimishwa kutapeli watu wengine kwa kompyuta. Kama Nairobi, yenye intaneti tangu zamani, ilinaswa, sisi tusijione wajanja.

Ya pili inagusa dada zetu, na wakaka wasome pia. Msichana anaweka ukurasa wake wa kazi, na kesho yake ujumbe wa kwanza hauongelee kazi. «Uko murembo. Tuonane tuongee juu ya dosie yako, niko hoteli fulani.» Tumesikia hii mara nyingi mno, kutoka kwa wasichana wengi mno, ili tuiite bahati mbaya. Ni lile swali la ku mulango tena, limebadilisha nguo. Dada, mwenye kuongea juu ya kazi anaongea mchana, mu biro, na mwenzako anaweza kukusindikiza. Piga capture ya ule ujumbe, uuchunge, umuonyeshe mutu mwenye unamuamini mbele ya kumufungia. Na wewe kaka mwenye unajua rafiki yako anafanya hivyo, kimya yako ni kumusaidia.

Ya tatu ni simu yenyewe. Inchi hii iliona intaneti inakatwa fasi yote tangu 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, karibu siku 20. Iliona RAM ikila inite za watu kutoka 2020 mpaka mwanzo wa 2022. Na kwetu hapa, pano inachoka mawingu yakishuka, réseau inaenda na mvua. Mwenye ana mega na mwenye hana hawako mu shindano moja. Kwa hiyo hatukubali sosiete ao ONG itwambie: «Tulitangaza ku LinkedIn.» Ulitangazia nani? Mwenye kutumika Salamabila atangaze Salamabila: ku radio, ku biro ya secteur, ku ukuta wa soko, pamoja na intaneti, na siku za kutosha ili mutu wa Kabambare afike na dosie yake. Na ONEM, biro ya serikali yenye kazi yake ni kukutanisha mwenye kutafuta na mwenye kuajiri, ipate tangazo lile lile, siku ile ile.

Tunaomba pia kila sosiete na kila ONG yenye imeajiri hapa ibandike, kisha kila mutihani, majina na maksi za wenye wamepita. Karatasi moja ku mulango. Mutu akijua alianguka kwa maksi, anarudi kusoma. Akidhani alianguka kwa kukosa jina la kutaja, sote tunajua anaenda wapi, tumeziona njia hizo zikimeza wenzetu.

Ninyi wenye munatumika tayari, wenye mulitoka Kasongo, Kabambare, Salamabila na leo muko na mushahara Bukavu, Lubumbashi, Kigoma ao Ulaya: hatuombe mutubebe kwa mugongo. Jibuni ujumbe mumoja kwa wiki. Mumoja tu, wa kijana mwenye hamujuane naye vizuri. Mwambieni karatasi gani inakosa.

Na sisi wenyewe, tangu leo, mu grupu zetu zote: mwenye kutuma tangazo la kazi ataweka jina la mwenye kuajiri, fasi lilipotoka na tarehe ya mwisho. Lenye halina hayo matatu, wasimamizi wa grupu wataliondoa, hata kama limetumwa na mukubwa.