Waone muda wako, wasione mambo yako

Mwezi huu naomba tuyaweke pembeni kidogo ya mahari na wivu, tuongelee kitu ambacho wengi wenu mnakifungua kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai: kalenda ya ofisini. Simaanishi ile ya karatasi yenye picha ya twiga. Nasema hii ya kwenye kompyuta na simu, inayokukumbusha kikao cha saa nne.

Najua wapo watakaoguna, “Kalenda na mapenzi wapi na wapi?” Subiri kidogo. Outlook ilianza kuingia maofisini mwaka 1997, Google Calendar ikafuata mwaka 2006, na leo ofisi nyingi mjini haziwezi kupanga hata kikao cha watu watatu bila moja ya hizo mbili. Uzuri wake ni kwamba wenzako wanaweza kuona ratiba yako. Ubaya wake ni huohuo.

Mimba iliyotangazwa na kalenda

Dada mmoja, mhasibu wa kampuni fulani, aliniruhusu nisimulie yake mradi nisimtaje. Yeye na mumewe waliwahi kupoteza mimba. Alipopata nyingine walikubaliana kunyamaza hadi mwezi wa nne, asijue mtu, hata wazazi. Kwa kuwa ni mtu wa mpangilio, akaandika kwenye kalenda yake ya kazini: “Kliniki, wiki ya 9”. Wiki iliyofuata: “Ultrasaundi, saa 3 asubuhi”.

Kalenda za ofisi ile zilikuwa wazi kwa kila mfanyakazi, maelezo yote. Mwenzake alikuwa anatafuta nafasi ya kikao, akafungua ratiba ya dada yule, akasoma. Kufika Ijumaa watu wanampongeza kwenye korido. Bosi, eti kwa kumhurumia, akamwondoa kwenye safari ya ukaguzi Mwanza ambayo alikuwa ameisubiri mwaka mzima. Kubwa zaidi, wifi yake ana rafiki pale ofisini. Jumamosi mama mkwe akampigia mwanawe: “Yaani mimi mjukuu wangu namsikia barabarani?”

Mume akaamini mkewe amevunja makubaliano, kaenda kuwaambia mashosti. Mke akaapa hajasema neno. Na kweli hakusema. Wiki mbili waliishi humo ndani kama wapangaji wawili, hadi walipokuja kugundua habari ilivujia wapi.

Tazama, hakuna aliyempekua mkoba wala kuiba paswadi. Mwenzake alipita kwenye mlango uliokuwa wazi. Na sheria yenyewe ilikuwa upande wa huyu dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inamtaka mama atoe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito. Hakuna kifungu kinachomlazimisha atangaze wiki ya tisa. Kalenda ndiyo iliyomtangazia.

Sio mimba tu. Wapo wanaoandika “Usaili, saa 9” huku bosi anasoma. Wapo wanaoandika “Mahakamani, talaka”. Wapo wanaoandika “CTC”, na mjini hapa nani asiyejua maana yake? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti, na wenzetu wa Kenya wanayo ya kwao ya mwaka 2019. Ila sheria huja baada ya maji kumwagika, na ya kumwagika hayazoleki.

Baraza, sebule, jiko na ufunguo

Hebu tuelewane ruhusa zenyewe zikoje. Maneno yanatofautiana kutoka programu moja hadi nyingine, lakini ifikirie kalenda yako kama nyumba.

Ngazi ya kwanza ni barazani. Mtu anaona tu kwamba saa nne hadi saa tano una shughuli, saa sita una nafasi. Shughuli gani, na nani, wapi, haoni. Kwa wafanyakazi wenzako wengi hii inatosha kabisa, kwa sababu mtu anayetafuta muda wa kikao anahitaji muda wako, basi.

Ngazi ya pili ni sebuleni. Hapa anasoma kila kitu: kichwa cha habari, mahali, waalikwa na maelezo uliyoandika. (Outlook ina chumba cha katikati, ambapo mtu anaona kichwa na mahali tu.) Hii wape mnaofanya kazi moja kila siku, watu wa timu yako.

Ngazi ya tatu ni jikoni. Anaweza kuongeza, kufuta na kusogeza mambo yako. Akisogeza kikao, waalikwa wote wanaweza kupata taarifa kana kwamba umesogeza wewe. Hii ni ya katibu muhtasi au msaidizi wako, sio ya kila anayekuambia “nishee na mimi”.

Ngazi ya nne ni ufunguo wenyewe. Kwenye Google Calendar, huyu sio tu anabadilisha mambo yako, anaweza pia kuwapa wengine ruhusa. Yaani anakaribisha wageni kwenye nyumba yako. Fikiri mara tatu.

Kosa ninaloliona sana ni watu kuruka baraza. Mtu akiomba kuona ratiba anapewa sebule, akilalamika kidogo anapewa jiko. Kumbe shida yake ilikuwa kujua kama Alhamisi mchana upo.

Kufuli la “siri” lina mipaka

Wajanja wataniambia, “Mbona kuna sehemu ya kuweka tukio kuwa la siri?” Ipo, na itumie. Lakini ijue vizuri. Kwenye Google Calendar, uliyempa ruhusa ya kubadilisha mambo yako anaona hata yale uliyoyafanya siri. Kwenye Outlook, ukimteua msaidizi wa kukushikia kalenda, unachagua mwenyewe kama ayaone ya siri au asiyaone. Wengi hawajui kama swali hilo lipo. Microsoft wenyewe wanashauri usitegemee alama hiyo peke yake kuwazuia watu uliowapa ruhusa ya kusoma.

Halafu kuna waalikwa. Ukificha kikao kwenye kalenda yako, hujakificha kwenye ya mwenzako uliyemwalika. Ukiandika “Kumjadili Juma, barua ya onyo” ukawaalika watu watano, umeiweka barua hiyo kwenye kalenda tano, na moja kati ya hizo huenda iko wazi kwa ofisi nzima. Andika “Kikao cha utumishi”. Wahusika wanajua wanachoendea.

Na kumbuka akaunti ya kazini ni ya mwajiri. Ya kwako mwenyewe yaandike kwenye kalenda yako binafsi, kwa akaunti yako binafsi. Simu inaweza kukuonyesha zote mbili kwa pamoja kwenye kioo kimoja, rangi tofauti, na wenzako wasione ile ya pili. Kwenye ya kazini unaziba tu muda: “Nina shughuli”. Ruhusa ya kutoka mwombe bosi wako kwa utaratibu wa kawaida, sio kupitia kalenda.

“Mume wangu anataka kuona kila kitu”

Sasa tuje nyumbani. Akina dada wanalalamikia waume, akina kaka wanalalamikia wake: mwenza anataka afunguliwe kalenda yote ya kazini. “Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?”

Naanza na anayeombwa. Kabla hujanuna, sikiliza anachokitaka. Mara nyingi anataka kujua nani atamfuata mtoto shule Jumatano, au kama Ijumaa mtakula pamoja. Hilo ni ombi la haki. Mpe baraza: aone saa ngapi umebanwa na saa ngapi upo. Kama ofisi yako hairuhusu kushea nje ya kampuni, na nyingi zimeweka hivyo, fungueni kalenda ya familia kwenye akaunti zenu binafsi. Wekeni humo ada, kliniki ya mtoto, harusi za ukoo, zamu ya kwenda kumwona mama. Humo wote wawili muwe na jiko. Nyumba ni ya wote.

Sasa anayeomba. Ndugu yangu, kalenda ya kazini ya mkeo haina siri zake peke yake. Ina mteja anayefilisika, ina mfanyakazi anayeitwa kwenye nidhamu, ina mgonjwa kama mkeo ni daktari. Hao hawakukuoa wewe. Ukimlazimisha akufungulie, unamlazimisha kuwasaliti watu waliomwamini na kuhatarisha ajira inayowalisha wote.

Na kama unatafuta ushahidi wa uaminifu, humo hutaupata. Mwenye nia mbaya haandiki “gesti” kwenye kalenda, anaandika “kikao cha bajeti”. Utamkuta mwenye “Chakula cha mchana, N.” ukagombana naye usiku kucha, kumbe N. ni Nassoro wa manunuzi. Kama imani imepungua, kaeni chini mzungumze. Hakuna ruhusa ya kompyuta inayoweza kufanya kazi hiyo kwa niaba yenu.

Mmeachana, ruhusa imebaki

Hili naliomba mlisome taratibu. Wakati mapenzi ni motomoto watu wanashea kila kitu: paswadi, eneo walipo, kalenda. Siku ya kuachana wanarudishiana nguo na kufuta picha. Kalenda wanaisahau. Kompyuta haijui kama mmeachana. Kama hukumwondoa, mpenzi wako wa zamani bado anaona kwamba Alhamisi saa kumi na moja utakuwa hoteli fulani kwenye semina, na unatoka saa moja usiku.

Kwa aliyeachana kwa amani, hiyo ni aibu ndogo. Kwa dada aliyemkimbia mwanamume wa ngumi, hiyo ni hatari ya maisha. Mwondoe leo kwenye orodha ya watu uliowapa ruhusa. Badilisha paswadi. Na kama uliwahi kumpa ile linki ya siri ya kalenda, jua kwamba kumwondoa kwenye orodha hakuifungi. Yeyote mwenye linki hiyo anaendelea kuona. Kwenye mipangilio ya Google Calendar unaiweka upya, na ya zamani inakufa.

Na nyie mabosi

Bosi ana haki ya kujua kama upo au haupo. Hana haja ya kujua unaenda kwa daktari wa nini. Bosi mwenye busara anaagiza kalenda za ofisi ziwe za baraza kwa wote na sebule kwa wanaofanya kazi pamoja, halafu anawaambia watu wake hivyo siku ya kwanza ya kazi, sio baada ya fedheha.

Upande wa pili, wapo wafanyakazi wanaofunga hata baraza. Kalenda giza tupu, halafu wakipangiwa kikao saa ya chakula wanalalamika hawathaminiwi. Jamani, mtu atajuaje? Kuonyesha muda wako ni adabu ya kazi. Hata saa yako ya kumchukua mtoto izibe, wataiheshimu.

Fanya hivi wiki hii

1. Fungua kalenda kwenye kompyuta, sio kwenye simu. Ingia kwenye mipangilio ya kalenda yako, tafuta sehemu ya kushea.

2. Soma jina kwa jina. Aliyehama idara, aliyeacha kazi, uliyeachana naye: toa.

3. Angalia kama imewekwa wazi kwa umma. Kama ipo wazi na si kalenda ya matangazo, funga.

4. Angalia ofisi nzima inaona nini. Kama inaona maelezo yote, shusha hadi barazani. Ikikataa kushuka, muulize mtu wa IT, ndiye mwenye mamlaka hayo.

5. Rudi nyuma miezi mitatu na uende mbele miezi mitatu. Kila cha binafsi kihamishie kwenye kalenda yako binafsi, kwa sababu mtu anaweza kusoma hata ya zamani.

6. Mwombe mwenzako mmoja unayemwamini afungue kalenda yako kwenye kompyuta yake. Utaona kwa macho yako wanachokiona wengine.

Ni kazi ya nusu saa. Yule dada na mumewe, namshukuru Mungu, walipata mtoto wao wa kike na wamepatana na mama mkwe. Kalenda yake ya kazini sasa ina maneno mawili tu ukiichungulia: “Nina shughuli”. Anasema na vikao visivyo na maana vimepungua.

Na wewe ukimaliza kusoma hapa, muulize mwenza wako kwa upole, “Kalenda yako nani anaiona?” Msigombane. Kaeni pamoja, kila mmoja na simu yake, msafishe orodha zenu.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.