KABLA YA KUPIGA KURA, ANGALIENI STESHENI YA SIGI

Ndugu wanachama, wagosi na kina mama,

Juzi nilishuka Muheza na iliki. Wakati wa kurudi gari tulilopanda likafa Sigi, pale penye geti la Hifadhi, karibu na mto. Dereva akaingia uvunguni, utingo akamfuata na spana, sisi abiria tukatafuta kivuli. Tulikaa saa mbili nzima. Basi nikapata nafasi ambayo sijaipata miaka yote niliyopita njia ile: niliangalia Sigi vizuri.

Wengi wetu pale tunapajua kama geti tu. Mgeni anateremka, analipa, anaoneshwa ramani, anapanda kuangalia ndege na vipepeo vyetu. Lakini ile nyumba ya zamani wanayopewa maelezo ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni. Stesheni ya treni, jamani. Treni ilifika Sigi! Nilimwambia hivyo kijana mmoja tuliyekuwa naye garini, kamaliza kidato cha nne, akacheka. Alidhani namtania kwa sababu ya gari kuharibika.

Nikazunguka kutafuta chuma. Sikuona reli wala taruma. Niliona miti, majani mabichi, na mto unapiga kelele kwenye mawe, maji yaleyale yanayokwenda kujaza bwawa la Mabayani wakanywa watu wa Tanga mjini. Nikakaa kwenye jiwe nikawaza habari ya mkutano wetu wa Jumamosi. Ndiyo maana naandika hapa ukutani, kwa sababu mkutanoni tunapewa dakika mbili mbili na wenye sauti kubwa wanazimaliza.

Kwanza niwaeleze habari ya treni yenyewe. Reli kubwa ya Wajerumani ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, kampuni ikaishiwa fedha, serikali yao ikaichukua mwaka 1899. Ikasogea Korogwe 1902, Mombo 1905, mpaka ikafika Moshi. Hiyo ndiyo reli tunayoijua mpaka leo. Reli ya Sigi ilikuwa mtoto wake. Ilitoka Tengeni ikaja huku juu kufuata bonde, kilometa zipatazo 23, ikajengwa kati ya 1904 na 1910. Waliokuwa wanaitaka ni watu wa kampuni ya mbao. Huku kulikuwa na miti mikubwa, na gogo la mti mkubwa halibebeki kichwani.

Kumbukeni kwamba Kituo cha utafiti cha Amani kilikwishaanzishwa mwaka 1902. Wataalamu wale walikaa miaka minane huko juu kabla treni haijakamilika huku chini, mizigo yao ikipanda kwa nguvu za watu. Na siku hizo nguvu za watu hazikuombwa kwa adabu. Kule Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, kuanzia mwaka 1907 kila mwanamume alipewa kadi: afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Wazee walipotuambia neno kipande hawakuwa wanatutishia watoto.

Sasa sikilizeni jambo lililonikaa moyoni. Reli kubwa ya Tanga ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Hii ya Sigi waliijenga na upana wa sentimita 75, maana ilikuwa rahisi kuipitisha milimani na gharama yake ndogo. Maana yake behewa la Sigi haliwezi kuendelea Tanga. Likifika Tengeni mzigo wote unashushwa, unapakiwa upya kwenye behewa jingine. Kila gogo. Mwenye mbao hakujali sana, kwani aliyeshusha na kupakia hakuwa yeye. Ilikuwa ni njia ya kutosha kwa mzigo wake, basi. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mtu wa huku atataka kupeleka ndizi Korogwe, au mama atataka kuwahi hospitali.

Ikaja Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, Mjerumani akaondoka. Reli ile haikudumu. Reli kubwa ilidumu, kwa sababu ilikuwa na kazi za watu wengi: mkonge, kahawa, abiria, chumvi, saruji. Nayo pia imeugua, tusidanganyane. Ililala miaka mingi nyasi zikaota katikati. Lakini mwaka 2019 ikaamshwa. Mizigo ikarudi, na Desemba mwaka huohuo treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi ikaanza tena kupita Korogwe. Nani ataamka siku moja aseme tuiamshe reli ya Sigi? Aliyekuwa na haja nayo alikuwa mmoja, na mzigo wake ulikuwa mmoja.

Nadhani sasa mmeanza kuona ninakokwenda.

Mnajua lile lililoletwa mbele yetu. Yupo mnunuzi anasema atatuletea tingatinga, atatengeneza barabara yetu kutoka ghalani mpaka barabara kuu. Kwa malipo gani? Iliki yote, karafuu yote na mdalasini wote wa chama, kwa misimu 5, kwa bei ya msimu huu. Nusu ya kamati imekwishakubali kabla hata ya chai kupoa.

Mimi siyo adui wa barabara. Asije mtu akasema mzee yule anataka tubaki na matope. Mwaka juzi mkwe wangu alibebwa kwa machela usiku, mvua inanyesha, tukateleza mara tatu kabla ya kufika penye gari. Mtoto yu hai, namshukuru Mungu, lakini ile njia naijua kwa magoti yangu. Anayesema barabara kwanza, namwelewa kabisa. Mke wangu mwenyewe ni wa upande huo na nyumbani tumekwishabishana vya kutosha.

Lakini hebu tuulizane. Barabara hiyo itakuwa ya nani? Katika karatasi tuliyosomewa sikusikia neno kalavati hata moja. Tingatinga likipita bila makalavati na mitaro, mvua za masika zikishuka zitaichukua yote. Mwenye kuishi milima hii anajua. Basi atarudi kuitengeneza mwaka wa pili? Haikuandikwa. Akiona iliki imeshuka bei huko sokoni asije tena, tutamshika kwa lipi? Haikuandikwa. Ila sisi kumwuzia yeye peke yake misimu 5, hilo limeandikwa vizuri sana, kwa herufi nene.

Na bei. Iliki mwaka mmoja inakupa bati za nyumba nzima, mwaka mwingine haitoshi daftari za watoto. Kufunga bei kwa misimu 5 ni kumpa mwenzako mwavuli, wewe ukakaa kwenye mvua. Ikipanda anafaidi yeye. Ikishuka, nani ameona mnunuzi akaja mpaka mlimani kununua kwa hasara?

Mimi naona tumjibu hivi. Tumpe nusu ya iliki, karafuu na mdalasini vibaki huru. Bei tukae kila msimu tuipange, siyo mara moja tu. Makalavati yaandikwe kwa idadi na mahali pake, yaani pale kwa mkwaju, pale kwenye kijito cha shule, na kona ile lori lilipolala. Na matengenezo ya kila mwaka yaandikwe ni ya nani. Sisi kwa upande wetu tutoe msaragambo, kila kaya mtu mmoja, tuchimbe mitaro wenyewe. Tukichimba kwa mikono yetu tutakuwa na la kusema juu ya barabara hiyo hata mnunuzi akiondoka.

Akikataa? Itabidi tupeleke ombi upya halmashauri, na tuanze na makalavati mawili kwa fedha ya chama. Litachukua muda. Najua masika hayasubiri, na najua yupo mama mwingine mwenye mimba kitongoji cha juu. Sina jibu zuri kwa hilo, ila vijana wanne wenye nguvu wawekwe tayari na machela safari hii, siyo kutafutana usiku.

Gari lilipona saa kumi. Tulipoondoka yule kijana alikuwa ameinama anapekua majani kando ya nyumba ile, anatafuta reli.

Mkutano ni Jumamosi saa 3 asubuhi, mara baada ya kupima iliki. Naomba katibu aje na ile karatasi ya mnunuzi, isomwe yote kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya mtu kunyoosha mkono.

Mwanachama mwenzenu,
Kitongoji cha bondeni